Kosa Nisiloruhusiwa Kulikiri

Bima ya gari kila mtu anaijua, kwa sababu askari wa barabarani anaiulizia. Lakini bima ya fundi seremala, ya kumlipa mtu utakayemuumiza kwa kazi ya mikono yako, mimi sikuwahi kuisikia mpaka nilipofikisha miaka hamsini na mbili, na siku niliyoisikia nilicheka. Nilimwambia yule mkandarasi kwamba mimi natengeneza vitanda, sitengenezi baruti. Hakucheka. Alisema bila cheti cha bima ya dhima hakuna zabuni, akafunga faili lake.

Zabuni yenyewe ilikuwa ya vitanda vya kambi ya wafanyakazi wa mgodini, vile vya mmoja kulala juu na mwenzake chini. Karakana yangu iko Segese, mlango unatazama barabara ya vumbi, na kwa miaka mingi nilikuwa nimeishi kwa milango, madawati na vitanda vya maharusi. Kazi ya kambi ilikuwa ya kumtoa mtu mahali fulani na kumweka mahali pengine. Niliitaka sana. Nisingeitaka kiasi kile, haya ninayoyasimulia yasingekuwepo.

Basi akaja dada wa bima kutoka Kahama. Alishuka kwenye bodaboda huku kashika viatu vyake virefu mkononi, akavivaa mlangoni, akakaa kwenye kigoda chenye vumbi la mbao bila kukipangusa. Kwa hilo nilimpenda. Alinisomea masharti taratibu, na kila ukurasa alinyanyua macho kuona kama nimesinzia.

"Baba, kuna mambo mawili ukiyasahau haya mengine yote hayana maana," alisema. "La kwanza, bima inalinda kosa la bahati mbaya. Kosa ulilolifanya unajua kabisa kwamba ni kosa, hilo halilindwi. La pili, jambo likitokea, usikiri. Usiombe msamaha, usiahidi kitu, usitoe kitu. Unatupigia sisi, tunakuja kuchunguza."

"Yaani ninyi mnaweza kusema nina makosa, ila mimi mwenyewe siruhusiwi?"

"Ndiyo, baba."

"Hata kama nayajua?"

"Hasa kama unayajua," alisema, akanipa kalamu.

Nilitia sahihi. Cheti nikakitundika ukutani juu ya benchi la kurandia, na jirani yangu alipokuja jioni kukiangalia alikitazama kwa muda mrefu kisha akauliza kama hicho ndicho kibali cha Wagogo kuruhusiwa kuoga.

Inabidi nimweleze huyu jirani, maana bila yeye hakuna habari. Mimi ni Mgogo wa Dodoma. Nilikuja huku kijana nikifuata dhahabu kama wengine, dhahabu ikanikataa, nikarudia randa niliyofundishwa na baba yangu. Yeye alikuwa mwanamke wa Kisukuma wa hapahapa, mfanyabiashara wa mchele, duka na ghala lake ukuta kwa ukuta na karakana yangu. Na Mgogo na Msukuma ni watani. Utani wenyewe tuliurithi kwa mababu, hatukuuanzisha sisi, lakini yeye aliutumia kana kwamba ulibuniwa kwa ajili yake. Hakuwahi hata siku moja kunisalimia salamu ya kistaarabu. Asubuhi angesimama mlangoni kwangu na kupaza sauti sokoni kote wasikie: "Mtumwa wangu ameamka? Au bado anaota anaombaomba?" Na mimi ningejibu kwamba nimeamka, nilikuwa nasubiri Msukuma anifundishe kutumia mswaki. Wateja wageni walidhani tunagombana. Mara moja askari mgambo alikuja kutuamua, tukamgeukia wote wawili.

Mume wake naye alikuwa mtani wangu, ila yeye ni mtu wa maneno machache. Muda wake mwingi ulikuwa shambani kwenye majaruba ya mpunga, na akija dukani alikaa juu ya gunia akatusikiliza tunavyotukanana, akitabasamu bila kuonyesha meno. Walikuwa na watoto watatu. Mume huyo aliponiita, aliniita "Mgogo wetu", na huyo "wetu" nilikuwa nimeshamzoea hata sikumsikia tena.

Utani una kazi yake, na kazi kubwa kabisa ni msibani. Mtu akifa, ndugu hawajiwezi, wanalia. Mtani ndiye anayekuja kuwatoa kwenye kilio kwa nguvu. Anamuiga marehemu, anazuia jeneza lisishushwe mpaka apewe chochote, anadai kwamba marehemu alimuibia jogoo. Mama mkwe wa jirani yangu alipofariki, nilivaa kanga ya yule bibi nikatembea kwa mwendo wake wa kuchechemea, nikamfokea katekista kwa sauti yake. Watu walicheka huku makamasi yanawatoka. Jirani yangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, na alipoweza kusema alisema: "Mimi nikifa, Mgogo, usiniige. Utaniaibisha." Nikamwambia kwa ukubwa ule wa mwili nitahitaji watu watatu kumuiga.

Sasa niseme nilichofanya.

Mwaka ule, mavuno ya mpunga yalikuwa yanakaribia na ghala lake lilikuwa dogo. Alitaka nimjengee chanja: jukwaa la mbao la juu, kutoka ukuta hadi ukuta, la kupangia magunia, ili chini pabaki nafasi ya kupimia wateja. Kazi ya siku nne kwa fundi anayejua. Tatizo ni kwamba mbao zangu zote kavu, za mninga nilizokuwa nimezipanga nyuma ya karakana kwa mwaka mzima zikipitisha upepo, zilikuwa zimeingia kwenye vitanda vya kambi. Zilizobaki zilikuwa zimeteremshwa kwenye lori majuzi kutoka Ushetu. Ukiinua moja ungedhani imelowekwa. Zilikuwa bado zinanuka msitu.

Kila fundi anajua mbao mbichi inavyofanya. Ukiipigilia leo, inaushika msumari vizuri na utajisifu. Miezi ikipita inakauka, inasinyaa, tundu linapanuka, msumari unabaki umekaa tu bila kushika kitu. Kwa kitanda cha mtu mmoja utasikia kikilia usiku. Kwa chanja lenye magunia thelathini, hutasikia chochote mpaka siku yenyewe. Baba yangu alinipiga kofi kwa jambo hilohilo nikiwa mdogo, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikufundishwa.

Ningeweza kumwambia asubiri. Neno moja tu. Lakini alikuja kila siku, akisimama mlangoni: "Mgogo amepata kazi ya wazungu, sisi Wasukuma tunaona mgongo wake tu." Alikuwa anatania, na ndani ya utani alikuwa amekasirika kidogo, na mimi nilikuwa na kiburi cha mtu mwenye zabuni. Sikutaka kusema kwamba fundi mwenye cheti ukutani hana mbao kavu. Nikajiambia bati la ghala lile ni la moto sana, litazikausha hukohuko juu. Nikapiga misumari miwili pale ambapo ungetosha mmoja, ili nafsi yangu ininyamazie. Alipoliona limekamilika alipanda ngazi mwenyewe, akarukaruka juu yake kwa mwili wake wote, akasema: "Aa, kumbe unaweza." Ilikuwa sifa pekee aliyowahi kunipa, na ilikuwa kwa kazi mbovu kuliko zote nilizowahi kufanya.

Chanja lilikaa miezi minne. Siku lilipoanguka ilikuwa saa nne asubuhi, nilikuwa naranda ubao wa mlango na mashine ilikuwa inapiga kelele, kwa hiyo sikusikia mti ukivunjika. Nilisikia ukuta ukitetemeka. Nilipofika, mchele ulikuwa umemwagika mpaka barabarani, na mteja wake mmoja alikuwa amesimama mlangoni na ndoo tupu, ananyoosha kidole tu. Tuliondoa magunia mimi na wapita njia. Jirani yangu alikuwa chini yake, na kopo la kupimia mkononi.

Tulimpeleka Kahama kwenye gari la mfanyabiashara mwenzake. Kichwa chake nilikiweka mapajani mwangu. Macho yake yalikuwa wazi, yananiangalia, na njia nzima nilimsubiri anitukane. Nilimwambia: "Nitukane basi. Sema Mgogo umeniua." Sijawahi kuomba kitu kwa mtu kama nilivyoomba tusi lile. Hakusema neno. Alikata roho kabla hatujafika hospitali, na sisi tuliokuwa naye garini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka.

Mchana ule nilimpigia dada wa bima. Sikumpigia kwa ujanja. Nilimpigia kwa sababu sikujua nimpigie nani mwingine. Alinipa pole, na sauti yake ilikuwa ya kweli. Kisha akasema yaleyale.

"Baba, nisikilize. Wana watoto?"

"Watatu."

"Kampuni ikilipa, italipa kwa ajili ya hao watoto. Wewe una kitu cha kuwapa hao watoto?"

Nilikuwa na mashine ya kuranda na vitanda ambavyo havijaisha. "Sina," nilisema.

"Basi ukikiri, umewanyima. Nenda msibani kama jirani. Toa rambirambi kama wenzako. Lakini usiseme kwamba ni kosa lako, na usiseme chochote kuhusu hizo mbao."

"Sijakuambia kitu kuhusu mbao."

"Na usiniambie," alisema.

Hapa ndipo niliposhikwa pabaya. Mtu mwingine angekwenda msibani akakaa nyuma na kunyamaza, akatimiza sharti. Mimi nilikuwa mtani. Mtani akinyamaza msibani, watu wanauliza ana nini. Nilimwambia mke wangu kwamba siendi, najisikia homa. Yeye alikuwa anafunga kanga kwenda kusaidia kupika. Alinitazama akasema: "Usipokwenda kumzika yule, usinisubiri nirudi humu." Nikaenda.

Jeneza lilinunuliwa Kahama. Kwa kawaida jirani akifa jeneza natengeneza mimi, siulizi malipo. Safari hii mume wake hakuja kuniomba na mimi sikujitolea, kwa sababu nilikuwa nimekatazwa kutoa kitu. Lilikuwa jeneza la rangi ya kung'aa, pembe zake zimeunganishwa ovyo, na nilisimama pale nikiona aibu ya ufundi juu ya aibu nyingine yote.

Maziko yalikuwa nyumbani kwao, nje kidogo ya mji, karibu na zizi la ng'ombe. Nilijificha nyuma ya wanaume wa kwaya. Katekista alipomaliza kusoma, jeneza lilipofikishwa kaburini, kukawa na ule ukimya ambao watu wote wanajua ni wa nani kuujaza. Bibi mmoja akauliza kwa sauti: "Mgogo wetu yuko wapi? Mayu, mama yetu huyu, atazikwa bila mtani?" Wengine wakageuka. Mikono ikanisukuma mbele, kwa upendo kabisa, wengine wakiwa wameshaanza kutabasamu kwa machozi wakisubiri niwapumzishe.

Nilikuwa nimejiandaa kusema upuuzi fulani kuhusu ukubwa wake na wabebaji kuvunjika migongo. Nilifungua kinywa. Kilichotoka ni hiki: "Mimi ndiye niliyemuua."

Watu wakacheka.

Wakacheka kwa sababu hivyo ndivyo mtani anavyosema. Kila mtani aliyewahi kusimama juu ya kaburi Usukumani amedai kuwa yeye ndiye aliyeua, kwamba alikuwa amemchoka marehemu, kwamba sasa atakula kwa nafasi. Nikasema tena, kwa sauti ya juu zaidi. "Nimemuua mimi! Zile mbao zilikuwa mbichi, na nilijua ni mbichi!" Kicheko kikazidi. Nikaanza kulia, nikapiga magoti kwenye udongo uliochimbwa, na kinamama wakashikana mabega wakisema Mgogo huyu anajua kulia, tazama, hata makamasi anayo. Mmoja akanitupia sarafu, kama inavyopasa kumtupia mtani ili apishe jeneza. Wengine wakamfuata. Zilinipiga mgongoni, zikaanguka kwenye udongo mbele yangu, na ilinibidi niziokote, kwa sababu nisingeziokota jeneza lisingeshuka.

Nilipoinua uso nilimwona mume wake ng'ambo ya kaburi. Yeye hakuwa anacheka.

Siku hizi hakuna msiba bila simu. Kijana fulani alirekodi, video ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa Segese, na wiki mbili baadaye mkaguzi wa kampuni ya bima alipofika kutoka Mwanza, alikuwa nayo. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alipima ghala, akapiga picha kuta na matundu ya mihimili. Mbao zenyewe hakuzikuta. Mume wa marehemu alimwambia zilichukuliwa siku ya msiba zikawa kuni, wapishi waliokota chochote kilichokuwa karibu. Mkaguzi akaandika. Kisha akatukalisha wote wawili kwenye benchi, akafungua simu, nikajisikia nikilia kwa sauti nyembamba ndani ya kile kioo.

"Hapa fundi anasema alijua mbao ni mbichi," alisema. Hakuniuliza mimi. Alimuuliza yeye. "Baba, wewe ulikuwepo. Hii ikoje?"

Ilikuwa mara ya kwanza nimwone mtu yule akionyesha meno. "Yaya, kijana," alisema, yaani hapana. "Wewe si wa huku? Huyu ni Mgogo. Sisi ni watani. Mgogo akisimama kwenye kaburi la Msukuma akasema ukweli, huo msiba umeharibika." Na akacheka. Alicheka vizuri, kwa muda unaotosha, mpaka mkaguzi naye akatabasamu na kusema kwamba hata kwao watani ni wasumbufu hivyohivyo.

"Unataka niape?" aliuliza mume wa marehemu. "Niapishe. Naapa kwa mke wangu aliye udongoni, ule ulikuwa utani."

Mkaguzi akasema haina haja ya kiapo. Akanigeukia. "Na wewe fundi unasemaje? Ilikuwa utani?"

Nilimtazama mtu aliyekaa kando yangu. Alikuwa anaangalia mbele, barabarani, mikono imelala magotini. Kulikuwa na watoto watatu katikati yetu ingawa hawakuwepo. Nikasema: "Ndiyo. Ilikuwa utani." Hivyo ndivyo nilivyomkana yule mama, nikiwa na akili zangu timamu.

Kampuni ililipa. Ilichukua muda, barua zikaenda na kurudi, lakini ililipa, na sitasema kampuni ilinidhulumu, maana ilitimiza ilichoahidi kuliko mimi nilivyotimiza. Waliandika kwamba uunganishaji wa mihimili haukukidhi uzito, kosa la bahati mbaya la kiufundi. Bahati mbaya. Niliisoma barua ile mara nyingi nikitafuta mahali ambapo mimi nipo. Mtoto mkubwa alipelekwa shule ya bweni, wadogo wakashonewa sare, ghala likauzwa kwa muuza vipuri vya pikipiki. Kila mtu Segese alisema jambo limekwisha salama, na wawili watatu walikuja karakana kuniuliza hiyo bima inapatikanaje. Niliwaelekeza. Niliwaambia ni kitu kizuri, na ni kizuri, sikudanganya.

Ila mimi nilikuwa silali. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi yangu sikuyaficha, niliyatangaza mbele ya umati, nikatupiwa sarafu. Nilitaka mtu mmoja tu duniani anisikie bila kucheka. Mke wangu alinisikia, akasema niache, nitawaharibia watoto. Padri alinisikia, akanipa sala za kusali, nikazisali. Haikutosha. Mtu niliyemtaka nilimjua.

Msimu wa mvua uliofuata nilikwenda shambani kwake. Nilimkuta kwenye majaruba, maji yamefika nusu ya muundi, anaziba tuta lililobomoka kwa udongo aliouchota kwa mikono. Alikuwa peke yake. Nilivua viatu nikaingia matopeni, nikasimama hatua chache kutoka kwake.

"Mwadila," nilisema, salamu ya mchana kwa Kisukuma chake, kwa sababu sikuweza kuanza kwa tusi.

Aliitikia, bila kuinuka.

"Nimekuja kukwambia siku ile msibani sikuwa nafanya utani. Mbao zilikuwa mbichi. Nilijua. Nilijua tangu nazipakua, na sikumwambia."

Aliweka tonge jingine la udongo kwenye tuta, akalipigapiga kwa kiganja mpaka likashika. Nilidhani hakunisikia, nikafungua kinywa nirudie.

"Najua," alisema. "Nimekata miti tangu sijaota ndevu. Ule mhimili nilioushika nilipofika ghalani siku ile, nje umekauka, ulipovunjika ndani bado ulikuwa na maji. Unadhani sijui mti mbichi? Niliupasua mwenyewe kwa shoka. Mimi ndiye niliyewapelekea wapishi. Kesho yake nikaona watu wanakula, na wewe unakula."

Niliukumbuka ule wali.

"Nilijua huyo kijana wa bima atakuja kutafuta. Nikafikiri, nikimpa huu mti, Mgogo atafungwa au hatafungwa, mimi sijui, lakini watoto hawatapata kitu. Nikauchoma. Kisha nikacheka mbele yake, nikaapa kwa mke wangu. Nimefanya hayo kwa ajili ya watoto wake. Ni mzigo wangu, naubeba." Hapo ndipo aliponyooka. Matope yalikuwa yanadondoka kwenye vidole vyake. "Sasa wewe umekuja huku na mvua hii unataka nini? Nikwambie si kitu, ili uende ukalale?"

Nilitaka hivyo hasa. Sikujua mpaka alipolisema.

"Siwezi kusema si kitu, fundi," alisema.

Hakulisema kwa ukali. Miaka yote ile hakuwahi kuniita fundi. Aliinama tena, akachota udongo, akaendelea na tuta lake, nami nikakaa pale kwenye maji mpaka nilipoelewa kwamba ananisubiri niondoke.

Siku hizi tunakutana sokoni mara kwa mara, Segese si kubwa. Akiniona anasimama. Ananisalimia vizuri sana, kwa heshima zote, habari za nyumbani, mama hajambo, kazi zinakwendaje. Ninamjibu kwamba zinakwenda, namuulizia watoto, anasema wanasoma. Kisha tunaagana, na watu wanaotupita hakuna anayegeuka kutusikiliza.